Mdomo wa Mbwa wa Mabati

Lorne Petrie hakuwa na shamba. Alichunga kondoo wa watu wengine kwa miaka arobaini na minne, na alipostaafu alipewa saa ya mkononi akasindikizwa mpaka langoni. Hakuwa na mke, maana yule aliyekaribia kuwa mke wake alichoka kungoja msimu wa kukusanya kondoo uishe, akaolewa na mtu wa benki huko Timaru. Hakuwa na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Mlango wa zizi ulivichukua. Hakuwa na cheti cha shule, ila alikuwa na cheti cha kuchomea vyuma alichokipata katika darasa la jioni akiwa na miaka sitini na mitatu, nacho alikitia kwenye fremu na kukitundika juu ya jiko, pale ambapo wengine hutundika picha ya Malkia. Hakuwa na gari linalowaka asubuhi bila kutukanwa kwanza. Hakuwa na mbwa, tangu Nell wake alipokufa, miaka sita sasa. Na hakuwa na Ranald Keogh wa kubishana naye. Hilo la mwisho hakumtajia mtu, lakini kila Ijumaa alipoketi baa na bilauri yake, kiti cha pili kilimkodolea macho.

Mengine yote alikuwa ameshayazoea. Kiti ndicho kilichomshinda.

Wachungaji wa upande ule wa kusini wana mbwa wa aina mbili, na kila mtu ana upande wake kama watu wengine walivyo na timu ya mpira. Kuna mbwa wa jicho: mdogo, mweusi kwa mweupe, anazunguka mbele ya kondoo kimyakimya, tumbo linakaribia kugusa nyasi, anawakazia macho mpaka wageuke. Na kuna mbwa wa sauti, anayeitwa huntaway: mkubwa, mweusi mwenye hudhurungi miguuni, anakwenda nyuma ya kondoo akibweka, na kwa kubweka tu anawapandisha mlima mzima. Lorne alikuwa mtu wa jicho. Ranald alikuwa mtu wa sauti. Walifanya kazi pamoja miaka ishirini na sita katika milima ya juu, mmoja akizuia mbele, mwingine akisukuma nyuma, na jioni wakitukaniana mbwa kwa furaha.

"Mbwa wako ni karani," Ranald alikuwa akisema. "Anatazama tu, hafanyi kitu."

"Na wako ni debe lenye mawe," Lorne alikuwa akijibu.

Hayo yalikwisha siku moja tu, katika mashindano ya mbwa wa kondoo ya mji wao wa Dunvaig, miaka kumi na tisa iliyopita. Mwaka ule Lorne aliombwa awe mwamuzi wa mbwa wa sauti. Walimchagua kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kwamba anawapendelea. Mbwa alitakiwa kuwapandisha kondoo watatu mlimani, akiwapinda kushoto na kulia kati ya nguzo, kwa sauti yake peke yake. Akinyamaza, anakatwa alama. Ranald alimleta Sajini, mbwa wake bora kuliko wote aliowahi kufuga, na wote walijua kwamba akishika nafasi ya juu siku ile atakwenda kushindania ubingwa wa Kisiwa cha Kusini. Upepo wa kaskazini-magharibi ulikuwa ukivuma. Sajini alipofika kati ya nguzo ya pili na ya tatu, Lorne aliandika kwenye kitabu chake: *Kimya*. Akakata alama. Sajini akakosa nafasi kwa nusu alama.

"Alibweka," Ranald alisema mbele ya kibanda cha mwamuzi. "Bonde zima limemsikia."

"Mimi sikumsikia."

"Basi hayo masikio ulipewa ya nini, ya kushikia kofia?"

Lorne alinyoosha mkono. Dunvaig mtu husamehewa ulevi, husamehewa hata ua mbovu unaopitisha kondoo kwa jirani. Lakini mashindano yakiisha, unaushika mkono wa mwamuzi, ukipenda usipende. Ranald aliutazama mkono ule, akautia wake mfukoni. Wiki ile ile chama cha mashindano kikafuta jina lake kwenye ubao wa wanachama kwa rangi nyeusi. Kabla ya majira ya baridi alikuwa amevuka bahari kwenda Tasmania, yeye na Sajini, na watu wa Dunvaig wakawa wanamtaja kwa jina moja tu: yule aliyekataa mkono.

Lorne hakuwahi kumtaja hivyo. Lakini hakuwahi kumkanya mtu aliyemtaja hivyo.

*

Kazi ya mbwa mkubwa ilianza kwa wivu, na si vibaya kusema ukweli. Watu wa mji wa Gore wana sanamu ya samaki mkubwa kando ya barabara, miji mingine ina kondoo, mingine ina karoti, na magari husimama, watu wakashuka, wakapiga picha, wakala. Dunvaig magari yalipita kwenda Invercargill bila hata kupunguza mwendo. Basi kamati ya mji ikaamua: mbwa wa kondoo wa mabati, mita sita kutoka ukucha hadi sikio, asimame kando ya barabara kuu, kwenye ukingo wa uwanja wa mashindano. Hakuna aliyeuliza nani atamtengeneza. Bustani ya Lorne ilikuwa imejaa bata wa mabati, kondoo dume wa mabati na nguruwe mmoja aliyetengenezwa kwa tangi la maji, na kila mtu alikuwa ameshaonyeshwa cheti.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Isla Begg, mwenye mgahawa, ambao ndani yake mlikuwa na dirisha la posta. Isla ni dada yake Ranald. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amemuuzia Lorne pai za nyama na stempu, na kwa miaka yote hiyo hakuna kati yao aliyelitamka jina la Ranald. Lorne alipopewa kazi ya mbwa alishangaa kidogo, kisha akajiambia kwamba biashara ni biashara.

Alimchora mbwa wake kwa kumkumbuka Nell. Mbwa wa jicho, basi: kichwa chini, mdomo umefungwa, miguu ya mbele imekunjwa, mkia chini. Alikata mabati kuukuu ya vibanda vya kunyolea kondoo, mekundu yaliyopauka na ya kijivu, akayapinda juu ya mbavu za nondo. Kwa kuwa mbwa angepelekwa kwa lori, alimtengeneza vipande vipande: kiwiliwili peke yake, kichwa peke yake, miguu na mkia.

"Lorne, mkia huo vipi?" Isla aliuliza siku alipokuja kukagua, mikono kiunoni, aproni bado ina unga.

"Vipi kivipi?"

"Umeanguka."

"Haukuanguka. Nimeuweka chini. Mbwa wa jicho akiwa kazini mkia hukaa chini, ncha tu ndiyo inajikunja. Akiuinua, ujue kazi imemshinda, anacheza."

"Mgeni wa Auckland hayajui hayo. Ataona mbwa aliyetoka kupigwa."

"Basi ajifunze. Mimi nilijifunza kuchomea vyuma nikiwa na miaka—"

"Sitini na mitatu. Tunajua. Hata paka wangu anajua."

Hohepa Tamati, mwenye yadi ya vyuma chakavu na lori lenye kreni, alikuwa ameegemea mlango wa banda akila tufaha. "Nyinyi wawili mkimaliza," alisema, "mniambie mkia niupakie ukitazama juu au chini. Kreni yangu haina dini."

Ubishi ule uliendelea wiki tatu. Lorne hakukaza kamba kwa ukaidi tu. Alikuwa na hakika kwamba siku mbwa atakaposimama, wachungaji wa bonde lote watapita pale, wataangalia mkia, na kwa mkia ule watajua kama aliyemtengeneza alikuwa mchungaji au fundi tu.

Kisha likatokea la mbavu. Asubuhi moja Hohepa alikuwa anateremsha kiwiliwili kutoka kwenye lori, mnyororo ukateleza pete moja, na mbavu zote za mbwa zikayumba hewani. Lorne alikuwa amesimama chini yake, kampa mgongo, anapima goti. Hohepa alipiga kelele. Alipiga honi. Mbwa wake watatu waliokuwa juu ya lori wakabweka kama walioona shetani. Lorne aliendelea kupima goti mpaka ubavu wa chuma ulipompita na kuichukua kofia yake.

"Umewehuka?" Lorne alifoka, mkono kichwani. "Kwa nini hukuniita?"

Hohepa alishuka polepole. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Mzee," alisema, "nimekuita mpaka mbwa wamenisaidia."

"Hukuita."

"Mzee Lorne. Nimekuita."

Kabla ya saa sita habari ilikuwa imefika mgahawani, na Lorne alipoingia kununua pai, Isla alimpa mgongo akawa anajaza birika. Akanong'ona kitu.

"Asante," Lorne alisema. "Bila sukari."

Isla akageuka. "Nimesema mkia wako ni mbaya. Sasa nisikilize, na nakutazama usoni ili usinikwepe. Siku ya kumsimamisha kutakuwa na kreni, na watoto wa shule, na watu wa gazeti. Mtu asiyesikia neno 'simama' hatakaa chini ya mzigo. Nenda Invercargill ukapimwe masikio. La sivyo Hohepa atamsimamisha bila wewe."

"Amsimamishe nani? Mbwa wangu?"

"Mbwa wa mji, Lorne."

*

Alikwenda, kwa hasira, akiwa amevaa tai. Mtaalamu wa masikio alikuwa mwanamke mpole mwenye kalamu tatu nyweleni. Alimtia kwenye chumba kidogo, akamvika vipokea sauti, akamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Lorne alingoja milio. Akawa anaona aibu kungoja kwa muda mrefu kiasi kile, akabonyeza mara mbili kwa kubahatisha.

"Ulifanya kazi gani, Bwana Petrie?"

"Kondoo. Mashine za kunyolea manyoya. Pikipiki milimani. Sasa nachomea vyuma. Nina cheti."

Mwanamke alimgeuzia karatasi yenye mstari unaoteremka kama njia ya mbuzi. "Hili halikuja jana. Kwa nilivyoona, ni miaka ishirini, pengine zaidi. Huja polepole, na mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Mtu akiwa mbele yako unamsikia, kwa sababu unamtazama mdomo. Lakini kitu cha mbali, tena upepo ukiwa unakuja na kwenda... hapo ndipo penye shimo."

Lorne aliomba arudie. Alikuwa amesikia vizuri, lakini alitaka muda.

"Miaka ishirini," alirudia yeye mwenyewe.

"Au zaidi."

Alirudi nyumbani na kifaa kidogo nyuma ya kila sikio. Njia nzima gari lilimpigia kelele ambazo hakujua linazo. Jikoni aligundua kwamba saa aliyopewa kwa kustaafu inalia tiki-tiki. Alikaa akaisikiliza, na kila ilipolia ilikuwa kama inamwambia: kumi na tisa, kumi na tisa.

Hata hivyo hakusema kitu. Alijua kuandika, alijua kuhesabu mzigo wa nondo, alikuwa amesoma kamusi kutoka mwanzo mpaka herufi ya P; lakini neno moja dogo, samahani, lilimkwama kooni kama mfupa. Alijitetea. Alisema, mtaalamu hakuwepo siku ile. Alisema, pengine mbwa alinyamaza kweli. Mtu akitaka kujidanganya hakosi wakili.

Jumanne upepo wa kaskazini-magharibi ulianza kuvuma. Lorne alichukua mkongojo akaenda uwanjani, akaingia kwenye kibanda cha mwamuzi, kibanda kile kile chenye benchi moja na dirisha lisilo na kioo, akaketi. Ng'ambo, mbali mlimani, karibu na pale zamani zilipokuwa nguzo, Hohepa, aliyefuga pia kondoo wachache, alikuwa akiwapandisha kwa mbwa wake mmoja wa sauti. Lorne alimwona mbwa: kijiti cheusi kinachokwenda kushoto, kinachokwenda kulia. Na alimsikia akibweka kama anayesema: Hapo! Hapo! Hapo! Sauti nzito, ya mfululizo, ikija imelegea kidogo kwa upepo lakini haikatiki.

Alivua vile vifaa, akaviweka gotini.

Kimya. Mbwa alikuwa akiendelea kwenda kushoto na kulia, na kondoo wakipanda, lakini mlima ulikuwa bubu.

Akavivaa. Hapo! Hapo!

Akavivua. Kimya.

Alifanya hivyo mara nne, kama mtu anayefunga na kufungua mlango akitafuta bawaba inayolia. Mara ya nne hakuvivaa upesi. Alikaa ndani ya ukimya wake mwenyewe, ukimya aliokuwa ameuandika kwenye kitabu kwa wino na kumbandikia mbwa wa mtu mwingine. Kondoo hawapandi mlima bila sababu, alijiambia. Nilikuwa nawaona wanapanda. Ningetumia macho tu, ningejua. Mimi, mtu wa jicho.

Alirudi bandani. Kichwa cha mbwa wa mji kilikuwa kimelala sakafuni, kimetulia, mdomo umefungwa, kizuri kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza. Akawasha mashine ya kukatia.

*

"Umemkata taya mbwa wa mji!" Hohepa alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Umewehuka, mzee?"

"Nahitaji nondo zaidi. Na miguu yote minne naivunja. Atasimama wima."

"Zimebaki siku nane!"

"Siku nane hazitatosha. Nitaomba wiki tatu nyingine."

"Utaomba kwa nani?"

"Kwa kamati."

"Kwa Isla," Hohepa alisema, na akaketi juu ya ndoo. "Nitakuja. Hilo silikosi."

Kamati ilikutana alasiri ya Alhamisi katika ukumbi wa chama cha mashindano, chini ya ule ubao wa majina wenye mstari mmoja mweusi. Walikuwa watu saba, sahani ya mikate ya kukunja yenye jibini, na chai. Lorne alikuwa amevaa tai kwa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja, jambo lililowatia watu wasiwasi kabla hajafungua mdomo.

"Naomba wiki tatu," alisema. "Mbwa amebadilika. Hatakuwa wa jicho. Atakuwa wa sauti, na mdomo wazi."

"Wewe?" alisema Ewart Haggie, mzee wa chama, akaacha mkate njiani. "Wewe utengeneze mbwa wa sauti? Si useme tu kwamba unaumwa."

Watu wakacheka. Lorne aliwangoja. Alikuwa ameandika hotuba kwenye karatasi, maneno mazuri yaliyopangwa, lakini karatasi ilikaa mfukoni.

"Naumwa, ndiyo," alisema. "Masikio. Niliambiwa Invercargill kwamba yalianza kufa miaka ishirini iliyopita. Nikaenda kwenye kile kibanda nikajaribu mwenyewe, upepo ukiwa ule ule. Bila vyuma hivi simsikii mbwa akiwa pale kwenye nguzo ya tatu. Simsikii kabisa." Alitazama ubao. "Mwaka ule niliandika Sajini amenyamaza. Nyinyi wote mlikuwa ukingoni. Alinyamaza?"

Kijiko kimoja kilikuwa kikizunguka kwenye kikombe, na Lorne alikisikia.

"Alibweka," Ewart alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Alibweka tangu chini mpaka juu."

"Mbona hamkusema?"

"Ulikuwa mwamuzi, Lorne. Neno la mwamuzi..." Ewart aliinua mkate, akaurudisha sahanini. "Na yeye alikataa mkono. Ikawa rahisi kuzungumzia mkono."

"Basi mkono ule haukustahili kushikwa. Ndilo nililokuja kusema. Na wiki tatu."

Aliketi. Hakuthubutu kumtazama Isla, lakini alisikia kiti chake kikisogea, na hatua zake zikija mpaka mbele yake.

"Huyo mbwa mpya," Isla alisema. "Mkia wake?"

"Mbwa wa sauti hubweka mkia ukiwa juu."

"Juu kabisa?"

"Kama bendera."

Isla alimtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na pembe ya mdomo wake ilikuwa ikipigana na kicheko. "Miaka kumi na tisa," alisema. "Wiki tatu za kubishana mkia, na kumbe ilihitajika tu uzibuliwe masikio."

"Isla, mimi nilikuwa nataka nikwambie—"

"Usiniambie mimi. Mimi nauza stempu tu. Anwani ya Ranald ninayo. Siku ukiwa tayari, njoo dirishani kama watu wengine."

*

Walimsimamisha mbwa siku ya Jumamosi yenye jua na upepo. Hohepa aliinua, Lorne akaongoza kwa mkono, na kila Hohepa alipoita "Simama!" Lorne alisimama hata kabla neno halijaisha, mpaka watu wakaanza kumpigia makofi. Ilipita saa nzima kabla ya bolti ya mwisho kukazwa. Kisha kreni ikaondoka, na mbwa akabaki peke yake kando ya barabara: miguu wima, mabati meusi yaliyopakwa lami mgongoni, mekundu yaliyopauka miguuni, mkia kama bendera, kichwa kimeinuliwa kuelekea mlimani na mdomo wazi kiasi cha mtu kusimama ndani yake.

"Mzuri," Isla alisema. "Nakubali. Hata mgeni wa Auckland atamwelewa."

"Ngoja," Lorne alisema.

"Ningoje nini?"

"Upepo."

Hakuwa amemwambia mtu. Ndani ya koo alikuwa ametundika vipande vitatu vya bati zito, kila kimoja kwa bawaba, na siku mbili nzima alivihangaikia, akivikata na kuvijaribu kwa masikio yake mapya. Upepo ulipogeuka na kuingia mdomoni, bati la kwanza likapiga, la pili likajibu, na kutoka kwenye kifua cha mbwa ikatoka sauti nzito ya mapigo, inayokatika na kurudi. Hapo! Hapo! Watoto wa shule walipiga mayowe. Mbwa watatu wa Hohepa wakaruka juu ya lori na kumjibu kwa nguvu zao zote. Lori kubwa la maziwa lililokuwa likienda Invercargill likapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa dirishani, kisha likasimama kabisa, na nyuma yake yakasimama magari mawili.

"Debe lenye mawe," Hohepa alisema.

"Ndiyo," Lorne alisema. "Sikiliza linavyoimba."

Jumatatu alijifungia jikoni mwake asubuhi, akaandika. Aliandika barua ya kurasa tano, yenye maneno ya kamusi, akaisoma kwa sauti, akaitia motoni ikaungua. Aliandika nyingine ya kurasa mbili, nayo akaichoma. Ya tatu aliiacha.

*Ranald,*

*Mbwa wako alibweka. Nilikuwa kiziwi na sikujua, na nilipoanza kujua nilikuwa nimeshakuwa na kiburi. Nimesema hivyo mbele ya watu, katika ukumbi, chini ya ubao. Rangi nyeusi imekwanguliwa na jina lako limeandikwa upya. Kura zote zilikubali isipokuwa ya Ewart Haggie, ambaye alikuwa amelala, naye alipoamshwa akakubali.*

*Kando ya barabara kuna mbwa wa mita sita. Ni wa sauti. Nimemwandika jina la Sajini ukuchani, mahali pa chini, ambapo mtu lazima ainame ili alisome. Upepo wa kaskazini-magharibi ukivuma anabweka, na watu wa barabara ya juu wameanza kulalamika, kwa hiyo utafurahi.*

*Mashindano ni wiki ya kwanza ya Machi. Sitakuwa mwamuzi. Nitakuwa nimekaa ukingoni, na kuna kiti. Safari hii pia nitakuja na mkono, na wewe ukipenda utie wako mfukoni tena. Una haki hiyo.*

*Bado nasema mbwa wa jicho ni bora.*

*Lorne*

Alikunja karatasi mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi na kuikandamiza kwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto mpaka ikashika. Kisha akaandika jina juu yake, akavaa kofia, akatembea hadi mgahawani, akasimama dirishani kama watu wengine.

Isla aliichukua bahasha. Alisoma jina. Akaandika anwani chini yake bila kufungua daftari, kwa mwandiko wa mtu aliyeiandika mara nyingi. Akabandika stempu, akaipiga muhuri mara moja, kwa nguvu.

"Itafika lini?" Lorne aliuliza.

"Wiki moja. Pengine siku kumi." Alimrudishia. "Itie mwenyewe."

Sanduku lilikuwa pale pale, chini ya dirisha. Lorne aliisukuma barua ndani ya tundu, akaishikilia ncha yake kwa muda mfupi, kisha akaiachia, na akaisikia ikianguka mpaka chini.